Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 6 Februari

Nimezipanga tena asubuhi hii. Arobaini na saba. Mume wangu Harish katoka, kaenda kucheza karata na wenzake, harudi mpaka saa nane. Meza ya jikoni ni yangu. Nimeifuta, nikaikausha, nikatandika kitambaa cheupe, nikazitoa moja moja. Wachezaji wa besiboli wa Kijapani. Kadi nene za watoto, ndogo, zatoshea kiganjani, rangi zake kali kama kanga ambayo haijafuliwa. Nambari moja mpaka arobaini na nane. Thelathini na moja haipo. Miaka ishirini na mbili naitafuta.

Leo nimechanganya ya ishirini na ya ishirini na sita. Sita niliisoma sifuri. Nikarudia kwa lenzi. Hata kwa lenzi palikuwa na doa la kijivu katikati, kama mtu kaweka kidole juu ya kadi na hataki kukiondoa. Nimekasirika. Sikuogopa.

Naandika Kiswahili kwa sababu humu ndani hakuna anayekisoma. Harish kazaliwa Rajkot. Binti yetu Nisha kazaliwa hapa London. Kigujarati cha jikoni, Kiingereza cha barua. Hiki changu mwenyewe.

Jumanne, 9 Februari

Kliniki ya macho. Daktari kijana, mikono baridi, adabu nzuri. Jicho la kushoto limeshafanya kovu katikati, halitengenezeki. La kulia limeanza. Watanichoma sindano ndani ya jicho kila mwezi ili ugonjwa upunguze mwendo. Nikamwuliza nitasoma mpaka lini. Akasema wengine miaka, wengine miezi. Nikamwambia nimeuliza habari zangu, si za wengine. Akaifunga faili. Kisha akasema kama kuna maandishi madogo nataka kuyasoma, nisiyaahirishe.

Harish alinishika mkono kwenye basi. Hafanyi hivyo mbele za watu. Nikamwachia.

Nimeamua. Thelathini na moja nitaiona kwa macho yangu, na jina lake nitalisoma kama nilivyosoma ya wenzake. Majina yao yamepigwa chapa kwa herufi za Kijapani tu. Kila moja nimelifukua kwa penseli na kamusi, ambayo hufunguliwa kwa kuhesabu mistari ya kila herufi, mengine wiki nzima. Arobaini na saba yamo kwenye daftari. Limebaki moja.

Alhamisi, 11 Februari

Nimeandika barua tano kwa watu wenye ugonjwa kama wangu. Wa kadi, si wa macho. Mmoja Leeds, mmoja Bristol, watatu hapa hapa mjini. Nimewauliza wote jambo moja.

Harish kaniuliza nini hasa nakitafuta kwa hawa Wajapani. Miaka thelathini na minane ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kauliza. Nikamweleza huku nasukuma chapati. Baba alikuwa na duka la kanga Darajani, Unguja. Kanga zenyewe zilichapwa Japani. Wanawake walikuja dukani na maneno yao, wengine wamemkasirikia mke mwenza, wengine jirani, wengine dunia nzima. Baba aliandika, akapeleka, na baada ya miezi robota zilifika melini. Wakala wa kule Osaka alijua Baba ana watoto wawili. Ndani ya bahasha ya sampuli alitia vimfuko vya kadi. Mimi na ndugu yangu Mahesh tulizichezea barazani mpaka zikachakaa. Hatukujua besiboli ni nini. Tulidhani ni watu wa vita, wana marungu.

Yakaja Mapinduzi. Duka likaenda. Miezi mitatu baadaye nasi tukaondoka. Nilikuwa na miaka kumi, na kadi tatu ndani ya kitabu cha hesabu cha skuli. Hizo nyingine arobaini na nne nimezitafuta nikiwa mtu mzima.

Harish akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema chapati inaungua. Kweli ilikuwa inaungua.

Jumatatu, 15 Februari

Jibu limekuja. Bwana Pettifer, mwalimu mstaafu wa jiografia, anakaa Walthamstow. Thelathini na moja, anasema, ni mrushaji wa mpira wa mkono wa kushoto, naye anazo mbili. Mbili! Nimeisoma barua mara tatu kwa lenzi. Anasema kila Jumamosi ya tatu ya mwezi watu wa kadi hukutana kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Nikipenda nije tuzungumze.

Nikipenda.

Jumamosi, 20 Februari

Siku mbaya na siku nzuri, sijui nianze na ipi.

Nilikwenda peke yangu. Harish nilimwambia nakwenda kununua nyuzi. Kutoka Southall hadi Walthamstow ni kuvuka mji mzima. Kwenda hakukunisumbua, Walthamstow ni mwisho wa reli, ukikaa tu utafika. Ukumbi baridi, meza kumi na mbili, wanaume karibu wote. Walinitazama kama nimekosea mlango. Bwana Pettifer ni mrefu, mwembamba, sweta limetoboka kiwikoni. Ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini.

Hakuja na kadi. Haitoki nyumbani bure. Haiuzi pia. Yeye naye ana arobaini na saba, anakosa kumi na mbili, mdakaji aliyechutama. Miaka thelathini anaitafuta. Mimi ninayo, nikamwambia, tangu mtoto. Akasema nikileta kumi na mbili mwezi ujao, naye ataleta thelathini na moja, tubadilishane.

Nikamwambia basi mimi nitabaki na pengo lile lile, limehama tu.

“Lakini kumi na mbili umeshaitazama miaka hamsini,” akasema.

Nimemchukia kwa neno hilo. Nimemchukia kwa sababu ni kweli.

Kurudi ndiko kulikonivuruga. Pa kubadilisha treni nilisoma kibao vibaya. Nikajikuta Kilburn. Mvua, watu wengi, simu yangu imezima. Nilisimama kwenye barabara kubwa sijui kushoto wala kulia. Nikaingia duka la kwanza lenye taa, duka la muhogo na kadi za simu. Msichana wa dukani alikuwa akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha bara. Nikangoja amalize. Nikamwambia, mwanangu, nimepotea.

Akaiweka simu chini. Akaniangalia sari yangu, akaniangalia uso. “Shikamoo, mama,” akasema polepole, kama anajaribu barafu kwa mguu. “Kiswahili umekijulia wapi?”

“Marahaba. Nimezaliwa nacho. Mkunazini, Unguja.”

Anaitwa Neema, mtu wa Morogoro, anasomea uuguzi. Alinipa kiti, akanipigia Harish. Tukakaa tukizungumza mpaka gari likafika. Nilicheka sana. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka kwa lugha hii na mtu aliyeko mbele yangu.

Harish alikuja na teksi, akanifunga mkanda mwenyewe. Nyuzi sikununua.

Jumapili, 21 Februari

Nisha kaja kutoka Harrow. Wamekaa sebuleni yeye na baba yake, wananiongelea nami nipo. Mama asitoke peke yake. Mama ataanguka relini. Mama ahamie kwetu. Nisha alilia kidogo. Nampenda, lakini kilio chake kilinichosha.

Nikasema tarehe kumi na tisa Machi nakwenda Walthamstow.

Harish akauliza, “Kwa ajili ya makaratasi?”

Nikamjibu kwa Kiswahili. Maneno mengi, hayakuwa mazuri. Hakuna aliyeelewa hata moja. Nikaenda kupakua wali.

Jumatano, 24 Februari

Leo nimeitoa kumi na mbili. Haikai kwenye albamu na wenzake. Ni moja ya zile tatu za Unguja, na bado iko ndani ya kimfuko cha karatasi ilichokuja nacho, kimechakaa, kimepigwa chapa ya mtoto kashika gongo. Nimekizoea tu, sijapata kukitupa.

Mbele kadi ni safi. Mdakaji kachutama, glavu mbele, macho makali. Nyuma kuna mwandiko wa Baba. Penseli. Alikuwa na tabia ya kuandika maneno ya kanga popote anaposhika, kwenye risiti, kwenye pakiti ya sigara. Haya aliyaandika kwenye kadi yangu, nikamnunia siku mbili. *Nimekuja kwa hiari, sitoki kwa kelele.*

Sijui ni mwanamke gani alimpa maneno hayo. Hayakuchapwa. Meli iliyofuata hatukuwapo kuipokea.

Baba alikufa Leicester, akifanya kazi kiwanda cha soksi, bila kuandika tena neno lolote la kanga. Sina mwandiko wake mwingine. Barua zake zote kwangu zilikuwa za Kigujarati na alimwandikisha Mama.

Nimempa Pettifer jina moja moyoni. Sitaliandika hata hapa.

Ijumaa, 4 Machi

Nimempigia Mahesh. Yeye na mimi bado tunaongea Kiswahili, chake kimejaa Leicester. Nikamweleza yote. Kadi, Pettifer, macho. Macho sikuwa nimemwambia. Akaniuliza ni jicho lipi, nikamwambia yote mawili.

Kisha nikamwambia juu ya penseli. Watu wa kadi hawapendi kadi iliyoandikwa. Pettifer hajui.

“Futa, dada. Penseli tu hiyo. Baba hayumo kwenye penseli.”

Nilipoweka simu nikachukua ufutio. Mpya, mweupe. Nikageuza kadi. Nilijiambia maneno ninayo kichwani, nimeshayaandika na humu, hayapotei. Nikafuta herufi ya kwanza. Ikatoka kirahisi mno.

Nikasita. Niliona haya kama mtu aliyekamatwa na mkono chunguni. Hapakuwa na mtu yeyote. Ufutio nimeutupa kwenye taka, na taka nimeitoa nje.

Sasa kadi inaanza na *imekuja*. Imeharibika kwa Pettifer na imeharibika kwangu. Nina hasira na Mahesh, naye hana kosa. Mkono ulikuwa wangu.

Jumanne, 8 Machi

Sindano. Wanakupa dawa ya ganzi, wanakushikilia kope kwa kichuma, wanakwambia tazama juu. Huumwi. Unaona tu kitu kama wino unaingia majini. Nilijisomea majina moyoni, kuanzia nambari moja. Nilifika ya kumi na tisa wakaniambia tayari.

Jumamosi, 12 Machi

Nimepitisha uamuzi. Kumi na mbili nitaipeleka kama ilivyo. Nitamwonyesha nyuma kabla ya mbele. Akiitaka, achukue. Baba nilimjua. Huyu mrushaji sijapata kumwona, na siku zenyewe zinanikimbia. Nimelia nikimaliza kuamua, si kabla.

Harish aliniona. Akanipa kitambaa chake. Jioni, tunakula, akasema treni za Jumamosi hazitabiriki, heri tutoke mapema. Nikamwambia sikuelewa, anasema tutoke nani na nani?

Akasema, “Mimi nitasoma vibao. Wewe soma kadi zako.”

Kisha akaomba achari.

Jumamosi, 19 Machi

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Tulifika saa nne na nusu. Harish kavaa koti la harusi ya Nisha. Alisoma kila kibao kwa sauti, hata vya matangazo. Pettifer alikuwa meza ya mwisho, ana taa yake mwenyewe na lenzi nzuri kuliko yangu. Mbele yake kitambaa cheusi. Juu ya kitambaa kadi mbili zimefunikwa kwa karatasi.

Nikaketi. Nikamwambia kabla hajafunua chochote, atazame yangu kwanza, upande wa nyuma. Nikaitoa kumi na mbili kwenye kimfuko nikaiweka kifudifudi.

Aliinama juu yake muda mrefu. Akasema kuna maneno. Nikasema ndiyo. Akasema na hapa mwanzo pamefutwa, tena juzi juzi, karatasi imesimama nywele. Nikasema nilifuta mimi.

“Kwa nini hukumaliza?”

Nikamwambia. Duka, kanga, Baba. Nilieleza kwa maneno machache, Kiingereza changu hukauka nikiwa na hofu. Harish alisimama nyuma ya kiti changu. Naye mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Pettifer akaigeuza kadi, akamtazama mdakaji. Nilimwona anavyomtamani. Kisha akairudisha kwangu kwa vidole viwili, akasema samahani, hawezi. Miaka thelathini amengoja iliyo safi. Akiipokea hii atakuwa kila akiitazama anayaona maandishi ya mtu mwingine.

Nilitaka kumpiga. Na papo hapo nilishusha pumzi, kwa sababu kadi ilikuwa imerudi mkononi mwangu. Yote mawili kwa pamoja. Nikasema vizuri. Nikasema basi naomba unionyeshe tu. Sikuja kuomba zaidi ya hapo. Niweke dakika kumi mbele ya hiyo taa niitazame, niandike jina lake, niende zangu.

Akasema bila shaka. Nikachukua kimfuko niirudishe kumi na mbili ndani nipate kushika penseli.

Akaniambia ngoja.

Sauti yake ilibadilika. Akauliza hicho ni nini. Nikasema ni karatasi iliyokuja na kadi. Akaniomba akishike. Nikampa. Alikiweka chini ya taa kama mtu anayeweka yai. Akamwita mwenzake wa meza ya pili, naye akaja, akavua miwani, akavaa tena.

“Bi Kusum, umekipata wapi hiki?”

Nikamwambia kilikuja na kadi, vilikuwa vingi, watoto walivitupa.

Akasema ndiyo, watoto wote walivitupa. Ndiyo maana. Amesoma habari zake tu. Hajapata kukiona, wala hamjui aliyekiona. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Angeweza kunyamaza, mimi nisingejua. Akasema kimfuko hiki ni adimu kuliko kadi zake zote za meza hii, na kwamba akinipa thelathini na moja kwa kimfuko hiki atakuwa ameniibia. Nikitaka nikipeleke kwa watu wengine, yeye ataniandikia anwani zao.

Harish akaniinamia, akaniambia kwa Kigujarati nifikiri kwanza.

Nilifikiri. Haikuchukua muda. Kimfuko hakina mwandiko wa mtu. Mwaka huu au ujao huenda nisiweze kuona hata huyo mtoto mwenye gongo. Nikasema nataka kadi moja.

Akasema chukua na nyingine, chagua. Chukua tano.

“Moja,” nikasema. “Nambari thelathini na moja.”

Akafunua zote mbili. Akanipa iliyo bora, yeye akabaki na iliyokunjika pembe. Tukapeana mikono. Kimfuko akakisogeza chini ya taa yake.

Nimemwona. Kainua mguu mmoja, mkono wa kushoto juu kabisa, nyuma yake anga la manjano. Ana masikio makubwa. Nikimtazama usoni uso unapotea ndani ya doa. Nikatazama kiatu chake, uso ukaja pembeni, mzima. Kijana mdogo. Nilidhani miaka yote hii ni mtu mzima.

Jumapili, 20 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Harish katengeneza chai mwenyewe, sukari nyingi mno. Sijafungua albamu.

Jumanne, 22 Machi

Nisha kapiga simu. Baba yake kamhadithia habari ya ukumbi mara mbili, na mara ya pili Pettifer alikuwa keshapiga magoti. Nisha akaniuliza kama namba kumi na mbili imebaki. Imebaki. Akasema vizuri. Habari ya kuhamia Harrow hakuitaja, nami sikumkumbusha. Nimemwambia Jumamosi aje nimwonyeshe zote.

Neema pia nimempigia. Amesema ana mtihani, nimwombee. Nimesema nitamwombea kwa miungu yangu, na yeye amwombe wake, mmoja wao atakuwa nyumbani.

Alhamisi, 24 Machi

Harish kaenda karata. Meza nimeifuta, nimetandika kitambaa. Thelathini na moja iko peke yake, zingine ziko kwenye albamu.

Nimeanza na jina. Kwa lenzi, na taa mpya ambayo Harish kainunua bila kuniuliza, inashikiliwa mezani kwa kibano. Nasogeza kadi kidogo kidogo mpaka herufi itoke kando ya doa. Kisha naandika nilichokiona kabla hakijapotea.

Herufi ya kwanza ni rahisi. Mistari mitatu imesimama. Maana yake mto wa maji. Hiyo nimeijua bila kamusi.

Ya pili ni nzito. Upande wa kushoto naona kama mlima, upande wa kulia mistari imerundikana. Mara ya kwanza nimehesabu kumi. Mara ya pili kumi na moja. Chai imepoa, jicho linatoka machozi, jua limeshapita dirishani.

Nimeandika “Mto” kwenye daftari, mstari wa thelathini na moja, na mbele yake nimeacha nafasi. Kesho saa nne mwanga utakuwa mzuri. Nitahesabu tena.